Akiba ya chakula nyumbani: namna ya kuipanga ili isioze na isiliwe na wadudu

Kila mwaka ni vile vile. Mavuno ya Januari na yale ya Juni yanapoingia sokoni, bei ya maharagi na mahindi inashuka kidogo, na familia zenye kuwa na makuta kidogo zinanunua gunia moja ao nusu gunia. Miezi miwili nyuma, mama anafungua gunia na kukuta unga mweupe chini, matundu kwenye maharagi, na harufu ya uvundo. Chakula kilichonunuliwa kwa bei nzuri kinageuka hasara, na familia inarudi sokoni wakati bei imeshapanda.

Wazee wanasema akiba haiozi. Akiba ya chakula, yenyewe, inaoza kama haikutunzwa. Makala hii inaeleza mambo matatu: kiasi gani cha kuweka, namna ya kukiweka, na kitu gani usithubutu kuweka ndani ya chakula.

Juu ya nini tuongelee akiba sasa

Katika majimbo yetu chakula kinatembea safari ndefu. Barabara ya taifa namba 2, inayounganisha Bukavu, Goma, Butembo na Beni, ikikatika juu ya mvua ao juu ya vita, soko linasikia siku ile ile. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipofika ndani ya Goma, familia nyingi zilijifungia nyumbani siku kadhaa, umeme na maji vikakatika, na hakuna aliyeweza kwenda sokoni. Mwenye kuwa na unga na maharagi nyumbani alipika. Mwenye kununua kila siku chakula cha siku alibaki anaomba kwa jirani.

Tunajua kwamba familia nyingi zinaishi kwa kile kilichopatikana leo. Kwa hao, akiba haianzi na gunia. Inaanza na kikombe kimoja cha maharagi kinachowekwa pembeni kila mara unapotoka sokoni, mpaka chupa ijae.

Anza na hesabu ya nyumba yako

Kosa la kwanza ni kununua bila kujua nyumba inakula kiasi gani. Dawa yake ni rahisi. Chukua kipimo kimoja, murongo ao kopo lile unalozoea, na kwa wiki moja upime kila kitu kabla ya kukitia kwenye chungu. Andika kwenye karatasi. Mwisho wa wiki utajua unga wa bugali ni kiasi gani, maharagi ni kiasi gani, mafuta ni chupa ngapi.

Kama unataka mfano wa kulinganisha, mashirika yanayogawa chakula yanahesabu mara nyingi karibu gramu 400 za unga ao nafaka kwa mtu mmoja kwa siku, gramu 60 za maharagi, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa nyumba ya watu 7, akiba ya wiki mbili itakuwa hivi:

- unga ao nafaka: karibu kilo 39
- maharagi: karibu kilo 6
- mafuta: karibu kilo 2 na nusu
- chumvi: nusu kilo

Kwetu watu wanakula maharagi mengi kuliko hapo, kwa hiyo rekebisha kufuatana na hesabu yako mwenyewe. Na kumbuka wageni. Wakati wa vita, nyumba ya watu 7 inaweza kuwa ya watu 12 kwa usiku mmoja, ndugu wakikimbia kijiji. Ile akiba ya wiki mbili inakuwa ya siku 8.

Adui wa kwanza: maji

Chakula kikavu kinaharibika kwanza juu ya unyevu. Goma na Bukavu mvua ni nyingi, na hata sima ya chini inayoonekana kavu inapitisha unyevu kidogo kidogo. Gunia lililowekwa moja kwa moja chini linavuta ule unyevu, na uvundo unaanzia pale ambapo jicho halioni.

Weka mbao juu ya matofali ao mawe, ili gunia libaki juu ya sakafu kama kiganja cha mkono. Uliachanishe na ukuta pia, hewa ipite na panya asipate njia ya kujificha. Kama nyumba ni ya mbao na kuna mahali panapovuja, hapo si pa chakula, hata kama ndipo kuna nafasi.

Kabla ya kuweka mahindi, hakikisha yamekauka kweli. Kuko jaribio ambalo kila mtu anaweza kufanya. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia chumvi kavu kidogo, kisha tia mahindi mpaka theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa vizuri, uache dakika 15. Chumvi ikishikamana kwenye kioo, mahindi yangali na maji mengi, yarudishe kwenye jua juu ya turubai. Chumvi ikibaki chini bila kushika, unaweza kuyahifadhi. Kwa maharagi, uma punje moja. Ikipasuka kwa sauti, ni kavu. Meno yakiingia kama kwenye mpira, ngoja kwanza.

Jambo hili si la ladha tu. Mahindi na karanga zilizoingia uvundo zinaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini na inayoweza kuleta kansa. Kupika hakuiondoi. Kuosha na kuanika tena hakuiondoi. Wengine wanasema: basi tuwape kuku ao ng'ombe, ao tupikie pombe. Hapana. Ng'ombe akila, sumu inapita ndani ya maziwa, na maziwa wanakunywa watoto. Punje zenye uvundo, zilizobadilika rangi ao kukunjamana, zichaguliwe na kutupwa.

Adui wa pili: wadudu wenye kuja na maharagi

Wamama wengi wanafikiri wadudu wanaingia kutoka nje, kwa sababu gunia lilikuwa safi siku ya kununua. Kwa kweli mara nyingi mdudu wa maharagi anatoka nayo shambani ao kwenye depo ya muuzaji. Mayai ni madogo sana. Mtoto wa mdudu anatoboa, anakula ndani ya punje, na baada ya kama mwezi moja anatoka mkubwa, tayari kutaga tena. Ndiyo maana maharagi yanaonekana mazima mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu ni vumbi.

Mdudu huyu anahitaji hewa kama sisi. Hapo ndipo tunamshindia. Chukua bidoni ya plastiki yenye mfuniko unaofunga vizuri, isafishe, ikauke kabisa. Chagua maharagi, uyaanike tena kwenye jua, uyaache yapoe, kisha ujaze bidoni mpaka juu kabisa, ukiitikisa ili yashikane. Nafasi ikibaki nyingi, hewa inabaki nyingi. Funga kwa nguvu na usifungue kwa muda wa mwezi moja ao zaidi. Wadudu wanamaliza hewa iliyo ndani na wanakufa wenyewe. Mifuko maalumu yenye plastiki mbili ndani na gunia nje inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo bidoni ndogo kadhaa ni bora kuliko pipa moja kubwa. Ukifungua moja ya litre 5 kwa kupika, zingine zinabaki zimefungwa. Lakini usitumie bidoni iliyokuwa na petroli, mazuti ao dawa ya shamba, hata ukiiosha mara kumi.

Majivu ya kuni yaliyochekechwa na kupoa yanasaidia pia, kwa yule asiye na bidoni. Yachanganye na maharagi makavu, na uoshe vizuri kabla ya kupika.

Usiue familia juu ya kuokoa maharagi

Hapa tunaomba usikivu. Sokoni kunauzwa unga wa kuua wadudu bila karatasi ya maelezo, na vidonge vinavyotoa gesi. Vile vidonge vya fosfidi ya aluminiamu vimetengenezwa kwa depo kubwa zilizofungwa, zisizolala watu. Vikiguswa na unyevu wa hewa, vinatoa gesi ambayo haina dawa ya kuipinga. Kwetu chakula kinawekwa mara nyingi ndani ya chumba cha kulala, kwa kuogopa wezi. Kidonge ndani ya gunia chini ya kitanda cha watoto kinaweza kuua wote usiku mmoja.

Dawa ya panya nayo isikae kwenye mbao moja na unga. Kwa panya, vifuniko vizuri, usafi, mtego na paka vinatosha mara nyingi.

Kila chakula na tabia yake

Mihogo kavu inakaa muda kuliko unga wake. Kama kuna mashini ya kusaga karibu, hifadhi mihogo na usage ya wiki moja tu. Unga uliokwisha kusagwa ufungwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Maharagi hayafai kukaa mwaka mzima. Yakikaa sana mahali pa joto na unyevu yanakuwa magumu, hayaivi. Faida uliyopata kwa bei inakwisha kwenye makala.

Mafuta ya mawese yanaharibiwa na mwanga na hewa. Yaweke mahali pa giza, chupa imejaa na imefungwa. Chumvi yenye iyodi, inayokinga watoto na ugonjwa wa rovu, inapoteza nguvu ikibaki wazi kwenye unyevu. Itoe kwenye sashe, uitie ndani ya chupa yenye kifuniko. Ndagala na sambaza kavu zirudishwe kwenye jua mara kwa mara, zikae mbali na unga kwa sababu ya harufu.

Utaratibu ndio unaolinda

Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Andika tarehe kwenye kila bidoni, kwa fetre ao kwa makala. Kipya kinawekwa nyuma, cha zamani kinakuja mbele. Siku moja kwa wiki, angalia: harufu, joto ndani ya gunia, unga chini. Gunia likiwa na joto ndani wakati nyumba ni baridi, kuna wadudu ao unyevu. Limwage na ulianike siku hiyo.

Baba na mama wakubaliane pia nani anatoa na kwa sababu gani. Nyumba nyingi zinapoteza akiba bila mdudu hata mmoja: leo murongo moja umeuzwa kwa ajili ya deni, kesho mwingine kwa ajili ya sigara, na hakuna aliyeandika. Akiba ikiuzwa kwa lazima ya kweli, kama hospitali ao masomo, iandikwe na irudishwe.

Mwisho, sehemu ndogo iwe tayari kubebwa. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma waliamriwa kuondoka asubuhi. Hakuna aliyebeba gunia la kilo 100 kwa mguu mpaka Sake. Karanga za kukaanga, biskuti, sukari, chumvi na chupa ya maji ndani ya mfuko mmoja, karibu na mlango, vinawasaidia watoto siku ya kwanza bila kuwasha moto.

Kama huna uwezo wa mengine yote, wiki hii tafuta bidoni moja yenye kifuniko kizima, uioshe, uikaushe, na maharagi ya kwanza yaingie humo.