Betri ya gari la zamani: usinunue kwa kuangalia bei tu

Wadau, Juni na Julai hapa Mbeya si mchezo. Baridi inapunguza nguvu ya betri, na oili nayo inakuwa nzito, basi asubuhi ni kusukumana tu. Nimeisukuma sana Corolla ya mjomba, teksi yake ya Mwanjelwa. Duka moja lilimuuzia NS40 ya bei poa wakati gari linataka NS60. NS60 ni kama Ah 45, hiyo nyingine thelathini na kitu. Mchana inawaka, alfajiri kimya, abiria wa basi la Iringa kashachukuliwa na mwingine.

Ulizia saizi ya gari lako, usinakili iliyopo. Labda aliyekuuzia naye alibanwa na hela. Halafu NS60 na NS60L umbo ni moja ila chanya na hasi zimebadilishana upande. Ukizifunga kinyume unaunguza alteneta.

Tena kabla ya kununua, fundi apime gari likiwa linaunguruma: volti 13.8 hadi 14.4. Ikiganda kwenye 12, alteneta haichaji, na betri mpya itakufa vilevile.

Mjomba kanunua NS60 kwa mkopo. Anaulipa mpaka leo.