Nani Kala Shilingi 362 za Bibi?

Sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina bibi mmoja wa Junju, Kilifi, mjukuu wake wa kidato cha pili, na shilingi 362 zisizojulikana zilipo. Bibi na mjukuu nimewabuni mwenyewe, lakini hesabu zao chukueni karatasi mzifuate, hazina uongo.

Bibi huyu husuka makuti na kuuza nazi. Kwa miezi sita, kila mwanzo wa mwezi, alimwita mjukuu: "Njoo unipelekee elfu yangu kule kwenye mfuko." Mjukuu hufungua simu, bibi hujibonyezea namba yake ya siri, pesa ikaenda. Mfuko wenyewe ni wa soko la fedha. Watu wengi wanaweka humo pesa kidogo kidogo, wasimamizi wanazikopesha serikali na mabenki kwa muda mfupi, na faida inayopatikana kila mtu anapewa kwa kadiri ya alichoweka.

Mwezi wa sita ulipoisha, bibi akataka kujua amefika wapi. Simu ikasema 5,638. Akahesabu kwa vidole: elfu moja, mara sita. Kisha akamtazama mjukuu.

"Haki ya Mungu, Bibi, mimi sijagusa!"

"Nani kasema umegusa? Nimeuliza ziko wapi."

Ninyi mnaowashikia wazee simu mnalijua jicho lile.

Mjukuu akaenda kutoa kompyuta kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake wa Mtwapa. Ndani yake kulikuwa na GnuCash, programu ya hesabu za nyumbani. Hailipiwi, ipo tangu miaka ya 1990, na ukishaiweka haikudai bando ili uandike. Kanuni yake ina umri mkubwa kuliko kompyuta zote: mtawa Mwitaliano, Luca Pacioli, aliichapisha kitabuni mwaka 1494. Kanuni inasema pesa haizuki wala haiyeyuki. Imetoka mahali, imeingia mahali, na pande zote mbili lazima ziandikwe.

Basi akafungua akaunti nne: M-Pesa, Mfuko, Faida, Matumizi. Akaanza kusoma jumbe za M-Pesa za bibi, moja baada ya nyingine, tarehe na kiasi. Elfu imetoka M-Pesa, imeingia Mfuko. Elfu nyingine. Elfu nyingine. Mwanzo wa mwezi wa nne akakuta ujumbe unaokwenda kinyume: shilingi 500 zimetoka Mfuko, zimerudi M-Pesa. Siku hiyo hiyo zimelipwa duka la dawa.

"Goti langu," bibi akasema polepole.

Sasa toeni wenyewe. Zimeingia 6,000, zimetoka 500, zimebaki 5,500. Simu inaonyesha 5,638. Hakuna aliyekula kitu. Tena kuna shilingi 138 ambazo bibi hakuziweka. Mjukuu akaziandika kwenye akaunti ya Faida. Simu ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, ila ilitaja jumla peke yake, na jumla haitengi jasho la bibi na kilichozaliwa na jasho hilo.

Mtasema 138 ni kidogo. Tuseme mfuko ulitangaza asilimia 10. Hiyo ni ya mwaka mzima, si ya mwezi, na hapo ndipo wakubwa wengi huteleza. Shilingi 10,000 zikikaa siku moja huleta shilingi 2 na senti 74. Nchini Kenya faida hiyo hukatwa kodi ya asilimia 15, zikabaki 2 na senti 33. Na elfu za bibi hazikukaa muda sawa: ya kwanza ilikaa miezi sita ikaleta kama shilingi 42, ya mwisho ilikaa mwezi mmoja ikaleta 7. (Nyumba isiyogusa riba isiniache njiani: Kenya ipo mifuko inayofuata sharia, na kuandika kwake ni kule kule.)

Bibi hakushangaa kwamba kila kitu kiandikwe. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walioko Kilifi wamewafuatilia watoto wa Junju kwa miaka mingi kwa ajili ya malaria, wakipita kila wiki kuuliza kama mtoto ana homa, na jibu likiandikwa hata akiwa mzima. Bibi aliwaona.

Mjomba, kwa upande wake, alikuwa na mfuko wa hisa, na huo hausomwi vivyo hivyo. Humo unanunua vipande, na kila kipande kina bei inayopanda na kushuka. Mwezi wa kwanza aliweka 1,000, bei ikiwa shilingi 10: vipande 100. Mwezi wa pili bei ilianguka hadi 8. Alilalamika wiki nzima, lakini akaweka 1,000 nyingine: vipande 125. Mwezi wa tatu bei ikarudi 10: vipande 100. "Nimerudi nilipoanza," akasema. Mjukuu akaingiza tarehe, vipande na bei. Vipande 325 mara shilingi 10 ni 3,250, naye alikuwa ameweka 3,000. Ule mwezi aliolalamikia ndio uliomletea 250. Hili huwezi kuliona kwa kutazama bei peke yake, na ndiyo sababu mimi naiona safu ya vipande kuwa na maana kuliko zote.

Jambo moja programu haiwezi. Iambie kuna mfuko unaolipa asilimia 50 kwa mwezi, nayo itaandika vizuri na kukuchorea mchoro wa kupendeza. Mnamo 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao kwenye upatu wa kilaghai. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti kwenye programu, angalia orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Na wewe ambaye hujafika miaka 18, mfuko utafunguliwa na mzazi au mlezi kwa niaba yako, ila kuandika hakuna anayekuzuia.

Habari ilifika kwenye chama cha bibi. Jumamosi iliyofuata kina mama watatu walikuwa ukumbini, simu mkononi, wakitaka zao zisomwe. Mjukuu anatoza shilingi 20 kwa kila simu, na ameshafungua akaunti ya tano, Mapato. Bibi anadai nusu, kwa kuwa ukumbi ni wake.