Kundi dogo la simu lina faida kwa mkulima wa tangawizi Myamba

MKULIMA wa tangawizi wa Myamba, katika milima ya Upare wilayani Same, huuza mara moja zao alilolisubiri shambani kwa miezi minane hadi kumi. Akikosea bei siku hiyo, hana nafasi ya pili mpaka msimu mwingine. Mnunuzi anayepanda mlima na fuso huwa amekwisha kuzungumza na wenzake wa Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Mkulima, kwa miaka mingi, alikuwa na habari ya jirani tu, na jirani naye aliambiwa na mnunuzi yuleyule.

Simu imebadili hali hiyo, lakini imeleta tatizo jingine. Habari sasa ni nyingi mno. Mwaka 2016 kundi moja la WhatsApp liliweza kubeba watu 256. Mwishoni mwa mwaka 2022 kiwango hicho kilipandishwa hadi watu 1,024. Mkulima anaingizwa katika kundi la kilimo biashara lenye mamia ya watu asiowajua. Asubuhi ni salamu, mchana ni matangazo ya vifaranga na mbolea za maji, jioni ni Simba na Yanga. Bei ya tangawizi ikitokea, haijulikani imetoka soko gani, ni ya kilo au ya gunia, na gunia lenyewe ni la kawaida au ni lumbesa.

Tofauti hiyo si ndogo. Tuseme gunia limeuzwa Sh130,000. Likiwa na kilo 100, kilo moja imeuzwa Sh1,300. Likiwa ni lumbesa ya kilo 130, kilo hiyohiyo imeuzwa Sh1,000. Wote wawili, aliyeuza vizuri na aliyepunjwa, wataandika kwenye kundi kwamba gunia ni Sh130,000, na atakayesoma hataona kasoro yoyote.

Wakulima wa Tanzania wamekwisha kujaribu vikundi vya mawasiliano vya aina nyingine, vidogo, hata kabla simu za kisasa hazijaenea. Mwaka 2005 Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), kwa fedha za Serikali ya Uswisi, ulianzisha mradi ulioitwa First Mile. Ulifanya kazi pamoja na programu ya Serikali ya kuendeleza masoko ya mazao, AMSDP. Vikundi vya wakulima na maofisa wa wilaya kadhaa walifundishwa kutumia simu, barua pepe na intaneti kuelezana waliyoyajaribu: kikundi cha wilaya moja kikieleza namna kilivyompata mnunuzi, cha wilaya nyingine kiliweza kusoma na kuuliza.

Jambo lililokumbukwa zaidi katika mradi huo ni mashushushu. Hawa hawakuwa watu wa usalama, bali watu waliokwenda sokoni, wakachunguza bei, ubora unaotakiwa na nani ananunua, kisha wakapiga simu kijijini. Ubora wa habari haukutokana na mtandao bali na mtu aliyejulikana kwa sura, aliyesimama sokoni siku hiyo. Akipotosha, anarudi kijijini kulekule.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 2000, wilayani Magu kanda ya Ziwa, kituo cha CROMABU kiliwafungulia wakulima kompyuta na taarifa za bei. Kilikuwa na manufaa yake, ila mkulima alilazimika kukifuata mjini.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni wa Chambezi, wilayani Bagamoyo. Mwaka 2011 wakulima kumi, wanaume watano na wanawake watano, walianza mradi wa Sauti ya wakulima wakishirikiana na watafiti, miongoni mwao Eugenio Tisselli kutoka Mexico na Angelika Hilbeck wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi. Simu za kisasa zilikuwa mbili tu. Mkulima alikaa nayo, akapiga picha shambani, akarekodi maelezo kwa sauti yake mwenyewe, na kumbukumbu hizo zikaingia moja kwa moja kwenye intaneti. Kisha simu ilipokewa na mwenzake.

Kila Jumatatu walikutana kwenye kituo cha kilimo cha Chambezi. Waliwasha kompyuta ndogo, wakatazama picha na kusikiliza sauti za wiki iliyopita, wakajadili. Watafiti walikuwa wamelenga mabadiliko ya tabianchi. Wakulima wenyewe wakapanua shabaha: wakaanza kuwahoji wakulima wengine juu ya mbinu zao na kurekodi majibu. Asiyependa kuandika hakuachwa nyuma, kwa kuwa sauti ilitosha.

Kwa biashara ya tangawizi, somo la Chambezi liko katika ile Jumatatu zaidi kuliko katika simu zenyewe. Waliokutana mtandaoni walikutana pia kwenye benchi moja, na aliyetuma picha aliulizwa ana kwa ana alichomaanisha.

Upareni utaratibu wa kukutana hauhitaji kubuniwa upya. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yagawanywe kwa zamu mchana, vimewafundisha watu wa milima hii kukaa katika vikundi vyenye masharti. Wanaogawana maji ya mfereji mmoja wanajuana mashamba, madeni na tabia. Kundi la simu la watu kama hao, thelathini au arobaini, lina nguvu ambayo kundi la watu 1,000 halina.

Nguvu hiyo inahitajika zaidi katika magonjwa kuliko hata katika bei. Tangawizi hushambuliwa na mnyauko wa bakteria na kuoza kwa tunguu. Mnyauko huenea kwa mbegu iliyotoka shamba lenye ugonjwa, kwa udongo unaobebwa na majembe na viatu, na kwa maji yanayotoka shamba moja kwenda jingine. Katika kilimo cha mfereji mlimani, shamba la juu likiugua, la chini liko njiani.

Mwenye shamba la juu ana sababu ya kunyamaza. Akisema, hakuna atakayenunua mbegu kwake, na mnunuzi akisikia atashusha bei ya bonde zima. Katika kundi kubwa la wageni atanyamaza, na ni vigumu kumlaumu. Katika kundi la watu wa mfereji mmoja anaweza kutuma picha ya majani yaliyonyauka siku hiyohiyo, wenzake wakaacha kupitisha maji hapo, na afisa ugani akaitwa kabla msimu haujaharibika. Lakini atafanya hivyo ikiwa tu wenzake wamekubaliana mapema namna ya kumsaidia, mathalani kumpa mbegu safi kwa mkopo. Bila makubaliano hayo anaombwa ajitie hasara kwa faida ya wengine, na hilo halifanywi na watu wengi.

Je, mnunuzi aingizwe katika kundi? Wapo wanaoona kuwa akiwamo, biashara itakwenda haraka. Hilo si la busara. Mnunuzi anayesoma kila neno atajua nani ana ada ya shule ya kulipa na nani tangawizi yake imeanza kuharibika, na ataanza kununua kwa huyo. Afadhali wanunuzi wawe na kundi lao, ambako mtu mmoja aliyechaguliwa anatangaza mzigo uliopo. Wakulima kumi wenye gunia saba za kilo 100 kila mmoja wanatimiza tani saba, mzigo unaomfanya mwenye fuso apande mlima kwa miadi badala ya kubahatisha.

Ushirika wa wakulima wa tangawizi wa Mamba Myamba na kiwanda chake cha kusindika ni soko jingine la kuzingatia, na kundi la simu halichukui nafasi ya mkutano wa ushirika. Mambo ya fedha na uongozi yabaki kwenye mkutano, penye mahudhurio na muhtasari.

Taarifa ya bei nayo iwe na mpango. Itaje soko, tarehe, kipimo, hali ya tangawizi, mbichi au kavu, iliyooshwa au yenye udongo, na jina la aliyeshuhudia. Taarifa isiyo na mambo hayo msimamizi aifute bila kuona haya.

Utapeli nao haubagui ukubwa wa kundi. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umewaliza wafanyabiashara wengi, na simu ya mwanachama ikiibwa, mwizi anaweza kuandika kwa jina lake. Malipo ya mbegu au ya usafiri yathibitishwe kwa kupiga simu na kusikia sauti ya mhusika. Namba ya tapeli hutumwa 15040, utaratibu uliowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Wasambazao uvumi wakumbuke pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha kwa makusudi habari za uongo.

Wasio na simu za kisasa, ambao mara nyingi ni wazee na akina mama wanaofanya sehemu kubwa ya palizi, wapangiwe mtu wa kuwapigia au kuwasomea. Meseji ya kawaida ya herufi 160 inatosha kubeba bei, soko na tarehe. Picha na sauti hula bando zaidi, hivyo zitumike kwa ugonjwa na kwa jambo lisiloelezeka kwa maneno machache. Kwa kuwa mtandao haushiki sawasawa katika kila bonde, kundi lichague saa moja ya kutangaza bei, kama vile saa mbili usiku watu wakiwa nyumbani, na kuanza kuitangaza wiki chache kabla ya mavuno.