Rubani wa Kompyuta

Kila meli kubwa iingiayo Kilindini hupokea rubani wa bandari. Nahodha kavuka bahari kwa ujuzi wake, lakini mlango wa bandari na miamba yake una mjuzi wake. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Mfumo endeshi ndio nahodha. Kila kifaa, kiwe cha sauti, cha kuchapia au cha kunasia intaneti, kina draiva yake, nayo ni programu ndogo inayouelekeza mfumo namna ya kukitumia.

Jambo hili limewagusa wengi tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Aliyefuta mfumo wa kale akatia mpya huenda akaikuta kompyuta bubu, haina sauti wala haioni intaneti. Hapo mtu hukimbilia tangazo la kwanza limwambialo apakue draiva zote kwa mara moja. Msomaji, hapo ndipo penye mwamba! Draiva huingia ndani kabisa ya mfumo, na ya uongo yaweza kuiba neno la siri la benki. Kwa wakala wa forodha pale Kilindini, hizo ni siri na mali za wateja.

Njia ya salama ni hii. Kabla ya kufuta, nakili majalada yako, andika namba ya aina ya kompyuta, na weka draiva ya intaneti katika flashi. Ukisha kutia mfumo, iache kwanza Windows Update itafute yenyewe. Kifaa kitakachobaki na alama ya manjano katika orodha ya vifaa, kitafutie draiva kwa mtengenezaji wa kompyuta, kwa namba ile ile. Tia moja moja na ujaribu kila moja, ili hitilafu ikizuka umjue mkosaji. Programu za kusasisha draiva ziepuke; manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Itazame na sahihi ya mtengenezaji, ila usiitegemee peke yake. Mwaka 2010 kirusi Stuxnet kilibeba draiva zilizotiwa sahihi kwa vyeti vilivyoibwa vya Realtek na JMicron. Basi uliza mawili: nani katia sahihi, nawe umeipata wapi?

Na kifaa kikifanya kazi vyema, kiache. Marekebisho ya usalama Windows Update itakuletea.