JE, DAMU INAWEZA KUTUONYESHA KUWA KANSA INARUDI?

Sisi wakulima wa pamba hapa Mwanhuzi tunawajua funza wa vitumba. Ukipiga dawa, wengi hufa. Wachache walio sugu hubaki, huzaana, na dawa ile ile haiwawezi tena. Kansa ya vifuko vya mayai ya mwanamke, yaani ovari, nayo ina tabia hiyo.

Kansa hii huanza kimya kimya. Tumbo hujaa, mama hushiba upesi, huenda haja ndogo mara kwa mara. Watu husema ni mimba, au karogwa. Siku zinapita. Anapofika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Hupasuliwa na kupewa dawa za dripu, kama kaboplatini. Wengi hupata nafuu, lakini kansa iliyoenea hurudi mara nyingi.

Protini ya CA-125

Mwaka 1981, Dk. Robert Bast na wenzake huko Boston, Marekani, walieleza njia ya kuitambua protini ambayo sasa inaitwa CA-125. Kwa kawaida haizidi yuniti 35 katika mililita moja ya damu. Kansa hii ikiwapo, mara nyingi hupanda. Dawa zikifanya kazi, hushuka. Ikishuka upesi katika miezi mitatu ya kwanza, ni dalili kwamba kansa inasikia dawa. Ikishuka polepole, huenda kansa ni sugu. Na kansa ikirudi kabla ya miezi 6 tangu dawa hizo zimalizike, madaktari kwa kawaida huihesabu kuwa sugu, wakatafuta dawa nyingine.

Si kila wingu huleta mvua

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu mengine hupita tu. CA-125 hupanda pia kwa sababu ya mimba, hedhi, ugonjwa wa ini, au kifua kikuu cha tumbo. Wako pia wenye kansa hii ambao haiwapandi. Basi kipimo kimoja siyo hukumu.

Mwaka 2010 ulitangazwa utafiti ulioongozwa na Waingereza. Wanawake 529 waliokwisha kutibiwa protini yao ilipanda tena. Kundi moja lilianza dawa mara moja, jingine lilisubiri dalili. Hawakuzidiana kuishi. Waliowahi dawa waliwahi tu kusumbuliwa nazo.

Tufanye nini?

Tumbo likijaa kwa majuma kadhaa, twende kituo cha afya. Aliyetibiwa asikose siku ya kliniki. Jamaa wamsaidie nauli. Tumbo likijaa tena au likiuma, asingoje siku hiyo. Na sisi tunaojua kuandika, tumwandikie katika daftari tarehe na tarakimu ya kila kipimo. Daktari hulinganisha tarakimu za leo na za jana.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini CA-125 ikipanda mara moja tusikate tamaa?
2. Kijijini kwetu, nani humsaidia mgonjwa nauli ya kurudi kliniki?