Mapezi ya kuzamia: Msafiri wa Tunduma achague yapi kati ya maziwa na bahari?

Mji wa Tunduma, ulioko mpakani mwa Tanzania na Zambia, unafahamika zaidi kwa misururu ya malori, wabadilishaji fedha na biashara ya mazao kuliko kwa michezo ya majini. Hata hivyo, ramani imeuweka mji huo mahali pa pekee. Mkazi wake akishika barabara ya Sumbawanga anaweza kufika Ziwa Tanganyika upande wa Kasanga. Akielekea Kyela anafika Ziwa Nyasa. Na akiifuata barabara kuu ya Tanzam kwa zaidi ya kilomita 900 anafika Dar es Salaam, ambako safari za Mafia, Unguja na Pemba huanzia.

Kwa mtu aliyejifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa, hayo ni maji ya tabia tofauti kabisa, na kila moja linadai kitu chake kutoka miguuni mwake. Mitungi na mikanda ya uzito hukodishwa huko huko, lakini mapezi, yaani vile vibapa vya mpira au plastiki vinavyovaliwa miguuni, wengi hupenda kuwa nayo ya kwao. Ndicho kifaa kinachochukua nafasi kubwa zaidi katika sanduku la msafiri, na ndicho kinachonunuliwa kwa pupa zaidi, kwa kutazama rangi na urefu.

Wazo la kuvaa pezi si geni. Ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Louis de Corlieu, alisajili uvumbuzi wake mwaka 1933, na miaka michache baadaye Mmarekani Owen Churchill akaanza kuyatengeneza kwa wingi. Tangu hapo yamebadilika sana kwa sura, ila kazi yake ni ile ile: kugeuza nguvu ya paja kuwa mwendo.

Uzito wa uamuzi huu unaonekana vizuri zaidi kwa hesabu ya hewa. Mtungi wa alumini wa lita 11, ukijazwa hadi shinikizo la bar 200, hubeba takriban lita 2,200 za hewa. Ukiacha akiba ya bar 50 kwa ajili ya dharura, zinabaki lita 1,650 za kutumia. Mzamiaji aliyetulia hupumua kiasi cha lita 15 kwa dakika akiwa juu ya maji, lakini katika kina cha mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, kwa hiyo mtungi hupoteza lita 45 kila dakika. Hewa hiyo itamtosha kwa dakika 36 hivi. Mtu huyo huyo akiwa anahangaika na mapezi yasiyomfaa, akapumua mara mbili ya kawaida, muda wake hushuka hadi dakika 18.

Hapo bado haijatajwa misuli ya ndama inayokakamaa katikati ya mkondo, jambo ambalo humpata zaidi mtu aliyevaa pezi gumu kuliko uwezo wa mguu wake, au lenye kiatu kinachombana.

Mapezi yamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni yale yenye kiatu kamili, ambayo mguu huingia mtupu kama katika raba. Ni mepesi, hayana mikanda ya kukatika, na yanafaa kwa maji ya joto. La pili ni yale yaliyo wazi kisigino, yanayoshikiliwa kwa mkanda wa mpira au wa springi na kuvaliwa juu ya buti laini za kuzamia. Haya ni mazito zaidi, na buti nazo huongeza mzigo, lakini humruhusu mtu kutembea juu ya mawe na kuvaa mapezi akishafika majini.

Ubapa nao una tabia zake. Mrefu na mgumu husukuma maji mengi kwa kila teke, lakini hudai paja lenye mazoezi. Mfupi humlazimu mtu kupiga mateke ya haraka haraka. Yapo pia mapezi ya mpira mzito, mapana na mafupi, yanayopendwa na wanaopiga teke la chura, yaani lile la kuisukuma miguu pembeni kisha kuikutanisha nyuma. Na yapo yaliyopasuliwa katikati kama mkia wa samaki, ambayo hupunguza mzigo kwenye magoti wakati wa mateke ya kupishana, ingawa hayamsaidii sana anayetaka kugeuka mahali padogo au kurudi kinyumenyume.

Yale marefu ya karibu mita moja yanayoonekana katika picha za watu wanaozama kwa pumzi moja bila mtungi si ya kazi hii. Anayeyanunua kwa imani kwamba kikubwa ndicho chenye kasi hujikuta akiyagonga kwenye miamba na kwenye vichwa vya wenzake.

Ziwa Tanganyika, lenye kina cha juu cha mita 1,470, na Ziwa Nyasa, lenye mita 706, ni maji yasiyo na chumvi na yasiyo na kujaa na kupwa kama kwa bahari. Mzamiaji huko hafuati matumbawe. Hufuata miamba, ambako wanaishi wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao maziwa haya mawili ni maarufu duniani kwa ajili yao. Mara nyingi safari huanzia ufukweni, si kwenye boti. Katika eneo kama Matema, ambako mchanga unakutana na mawe chini ya Milima ya Livingstone, mtu mwenye mapezi ya kiatu kamili atalazimika kutembea miguu mitupu juu ya mawe yanayoteleza huku amebeba mtungi mgongoni. Buti hapo si anasa. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba buti huzuia kichocho, ugonjwa uliomo katika maziwa yote mawili. Vimelea hupenya ngozi yoyote iliyo wazi, na anayerudi kutoka ziwani hana budi kupimwa hata kama hajisikii vibaya.

Kuna jambo lingine la maji baridi ambalo wengi hulisahau. Kwa kuwa maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari, mwili huelea kidogo zaidi baharini, na mzamiaji hupunguza vipande vya risasi kiunoni anapokwenda ziwani. Mapezi ya mpira mzito, ambayo baharini yalimweka sawa, ziwani yanaweza kumvuta miguu chini. Mtu anayeogelea miguu ikiwa chini hutifua tope kwa kila teke, na karibu na midomo ya mito tope hilo huchukua muda mrefu kutulia. Wenzake walio nyuma hawaoni kitu. Kwa maziwa, basi, pezi la uzito wa wastani lenye ubapa usio mgumu sana ndilo lenye faida, pamoja na kujifunza teke la chura.

Baharini mambo ni mengine. Ghuba ya Chole huko Mafia, iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, hujaa na kumwaga maji yake kupitia milango michache, ule wa Kinasi ukiwa mmojawapo. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita tatu, na maji yote hayo hupita mlangoni kwa muda wa saa sita hivi. Siku za maji mafu mlango huo huo huwa mpole. Pezi lililomfaa mtu Jumatatu linaweza kumwangusha Jumatatu inayofuata, pale pale.

Pemba ni kali zaidi. Kisiwa hicho kimetenganishwa na bara kwa mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita, na kuta zake za matumbawe hupitiwa na maji yanayokwenda kasi. Lakini isieleweke kwamba pezi gumu humwezesha mtu kushindana nayo. Mzamiaji wa kawaida hawezi kuogelea kwa muda mrefu dhidi ya maji yanayokwenda hata kilomita mbili kwa saa, awe amevaa nini. Anachofanya ni kukubali kuchukuliwa, huku boti ikifuata boya lake juu. Pezi lenye nguvu linamfaa kwa dakika moja au mbili tu: pale anapotakiwa kuvuka upande ili ajifiche nyuma ya mwamba, au kumfikia mwenzake aliyeachwa. Kwa ajili ya dakika hizo, ubapa legelege sana haufai Pemba.

Kisiwa cha Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, na maeneo ya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam kwa kawaida hayadai mengi, na watu huingia majini kutoka kwenye boti. Huko kiatu kamili kinatosha. Vivyo hivyo kwa wanaokwenda Mafia kati ya Oktoba na Februari kumwona papa potwe, kwani huogelea juu juu bila mtungi. Ila popote penye matumbawe, urefu wa pezi ni suala la hifadhi pia: tawi lililovunjwa kwa teke moja lilichukua miaka kukua.

Kwa msafiri wa Tunduma, mzigo nao una kauli yake. Kwenye basi kilo mbili za ziada si hoja. Lakini anayepanda ndege Uwanja wa Songwe mkoani Mbeya, kisha akaunganisha na ndege ndogo ziendazo Mafia au Pemba, atakuta kwamba ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu kwa abiria. Jozi ya mapezi ya mpira mzito pamoja na buti inaweza kukaribia kilo nne, yaani zaidi ya robo ya posho yote. Jozi nyepesi ya kiatu kamili haifiki kilo mbili. Urefu pia upimwe dhidi ya sanduku lenyewe: pezi la sentimita 60 huingia kwa mshazari katika sanduku kubwa la kawaida, na ndani ya viatu vyake soksi hupata nafasi.

Kama ni jozi moja tu itakayotumika kote, inayostahili fedha ya msafiri huyu ni ya wazi kisigino, ya plastiki na mpira mwepesi, yenye ubapa wa wastani na mkanda wa springi, ambao haukatiki ovyo kama wa mpira. Ijaribiwe dukani ikiwa na buti zile zile zitakazotumika, mtu akiwa ameketi na mguu ukining'inia. Kisigino kisipwaye, na vidole visikunjike. Pwani vituo vya kuzamia hukodisha mapezi, na asiyetaka mzigo anaweza kubeba buti zake tu. Katika maziwa ya upande huu huduma za namna hiyo ni chache, hivyo asitegemee kukuta saizi yake huko.

Kuna hatari moja ambayo jiografia ya Tunduma huiongeza. Mji huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezama hubaki na naitrojeni mwilini, na akipanda mahali pa juu mapema mno, gesi hiyo inaweza kutengeneza mapovu na kumsababishia ugonjwa wa mgandamizo, wenye maumivu ya viungo na hata kupooza. Mtu aliyefanya kazi nzito chini ya maji, kwa mfano kwa sababu ya mapezi yanayomchosha, huingiza naitrojeni zaidi. Mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, DAN, unashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa ndege baada ya mzamo mmoja, na saa 18 baada ya mizamo ya siku kadhaa.

Wengi hudhani ushauri huo ni wa ndege peke yake. Mzamiaji aliyetoka majini Dar es Salaam saa 10 jioni, akapanda basi saa 12 asubuhi, ataanza kupanda Mlima Kitonga baada ya kumaliza saa hizo 18. Akipanda ndege ya Songwe muda ule ule wa asubuhi, atakuwa na saa 14 tu. Aliyeko Matema ana hali mbaya kuliko wote wawili, ingawa ndiye aliye karibu zaidi na nyumbani: kutoka Kyela barabara hupanda moja kwa moja hadi Tukuyu, kwenye zaidi ya mita 1,500, katika muda usiozidi saa chache. Njia ya kutoka Kasanga kwenda Sumbawanga ni hivyo hivyo. Tena maziwa yenyewe yako juu, Nyasa kwa karibu mita 475 na Tanganyika kwa karibu mita 770, hivyo majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayatumiki huko bila marekebisho.

Aliyezama ziwani Jumamosi mchana, kwa hiyo, alale huko huko, na mapezi yake ayasuuze, ayaanike kivulini na kuyafunga Jumapili. Asiyasimamishe kwa ncha ukutani wala kuyakunja chini ya mizigo ya basi: ubapa ukishapinda kwa joto, haunyooki tena.