Njia za Miguu za Cinque Terre

Katika mkoa wa Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia, milima hushuka baharini kwa ghafla kiasi kwamba karibu hakuna uwanda wa kujengea mji wala wa kupitishia barabara pana. Ni kwenye ukanda huo, unaoitwa Cinque Terre, ndipo vilipo vijiji vitano ambavyo msafiri anayetoka magharibi kwenda mashariki huvikuta kwa utaratibu huu: Monterosso al Mare, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore. Hadi reli ya kutoka Genova kwenda La Spezia ilipokamilika mwaka 1874, kwa kutobolewa mahandaki ndani ya miamba, mtu aliyetaka kutoka kijiji kimoja kwenda kingine alikuwa na mashua, nyumbu au miguu yake. Njia ambazo leo hupigwa picha na wageni hazikutengenezwa kwa ajili ya matembezi, bali zilikuwa njia za mkulima aendaye shambani, za mbeba zabibu, na za waumini waliopanda hadi makanisa ya hija yaliyojengwa juu ya vijiji; na asiyelifahamu jambo hili hatafahamu pia kwa nini njia hizo hufungwa mara kwa mara.

Anayetazama mlima kutoka baharini huona mistari ya mlalo iliyopangana kuanzia karibu na maji hadi juu kabisa. Hayo ni matuta, yaani vipande vyembamba vya ardhi iliyosawazishwa kwenye mteremko, na kila tuta hushikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa. Ukuta wa namna hii huanza na mawe makubwa chini, hulala kidogo kuelekea mlimani, na nyuma yake hujazwa kokoto, ili maji ya mvua yapenye kwenye nyufa badala ya kujikusanya na kuusukuma. Jumla ya urefu wa kuta hizo hukadiriwa kwa maelfu ya kilomita, na ni kazi ya karne nyingi isiyokuwa na mhandisi wala mchoro. Shirika la UNESCO liliiingiza mandhari hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 likautambua ufundi wenyewe wa kupanga mawe makavu, unaopatikana pia katika nchi kadhaa jirani, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Kilichowafanya watu waukate mlima namna hiyo ni mizabibu. Mvinyo unaosifika zaidi hapa huitwa Sciacchetrà, nao ni mtamu na mzito, kwa sababu zabibu zake, hasa za aina ya Bosco, hazikamuliwi mara baada ya kuvunwa, bali huanikwa juu ya chaga mahali penye kivuli na upepo hadi zisinyae, na kanuni za uzalishaji haziruhusu zikamuliwe kabla ya mwezi Novemba. Mavuno yalibebwa mabegani kwa vizazi vingi. Siku hizi sehemu nyingi zina kijireli cha chuma cha mstari mmoja, chenye meno, ambacho hupandisha na kushusha vitoroli vilivyojaa makreti kwenye mteremko ambao mtu asiye na mzigo huupanda akihema.

Njia mashuhuri kuliko zote ni Sentiero Azzurro, inayofuata pwani kwa takriban kilomita 12. Kipande cha Monterosso hadi Vernazza, ambacho huchukua karibu saa mbili, ndicho chenye ngazi nyingi, na mahali pengine njia ni ukingo wa tuta lenyewe: upande mmoja mizabibu, upande wa pili hewa tupu. Corniglia haina bandari, kwa kuwa imekaa juu ya genge la mita zipatazo 100, hivyo anayeshuka kwenye treni hulazimika kupanda ngazi ya matofali iitwayo Lardarina, yenye vidato zaidi ya 370, au kusubiri basi dogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wengi waliacha kilimo wakafuata ajira za mijini, hasa La Spezia, na matuta yakaachwa. Ukuta usiotunzwa hautangazi kuanguka kwake: kwanza mizizi huyatenganisha mawe, nguruwe mwitu hufukua udongo, tundu la kupitisha maji huziba, kisha mvua moja kubwa humaliza kazi. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua ya saa chache ilishusha matope na mawe hadi Monterosso na Vernazza. Huko Vernazza, ambako barabara kuu imejengwa juu ya kijito kilichofunikwa, maduka yalizikwa na watu watatu wakafariki. Mwaka uliofuata mawe yaliporomoka kwenye Via dell'Amore, njia fupi na rahisi kati ya Riomaggiore na Manarola, yakajeruhi watalii wanne, na ilichukua hadi mwaka 2024 kuifungua yote tena.

Kwa hiyo ada inayotozwa na hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1999, kwa vipande vya pwani vyenye watu wengi si bughudha kama baadhi ya wageni wanavyolalamika, ingawa ni kweli pia kwamba ada peke yake haimrudishi mkulima shambani. Kanuni inayokataza kandambili njiani nayo ina sababu, maana waokoaji wamechoka kuwabeba waliotegua vifundo. Mgeni mwenye muda, na asiyeogopa kupanda, atafaidi zaidi akitoka Corniglia kwenda Manarola kwa njia ya juu inayopitia kitongoji cha Volastra, kwani humo hupita katikati ya mizabibu inayolimwa hadi leo, na akipita wakati wa baridi, shughuli za mavuno zikiwa zimekwisha, huenda akamkuta mwenye shamba akirudishia mawe yaliyoanguka.